Kelele za Mburahati, Usingizi wa Mbezi Beach

Mwaka 2017 ilitoka santuri iitwayo Sounds of Sisso. Jina hilo limetokana na Sisso Studios, studio ndogo ya Mburahati, Dar es Salaam, na ndani yake mna kazi za watayarishaji na waimbaji wa singeli waliokulia katika mitaa hiyo. Haikutolewa Dar es Salaam. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo huru yenye makao yake Kampala. Baada ya hapo majarida ya muziki ya Ulaya yaliiandika kwa mshangao, na vijana wa Mburahati wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya ng'ambo. Nimekuwa nikiwauliza watumishi wa umma ninaokutana nao, hasa wale wanaolipwa mshahara kwa jina la utamaduni, kama wamewahi kuisikiliza. Jibu la kawaida huwa ni tabasamu, likifuatiwa na swali: "Mwalimu, na wewe unasikiliza zile kelele?"

Neno hilo, kelele, ndilo mada ya makala hii. Sikusudii kumshawishi mtu aipende singeli. Kupenda muziki ni hiari ya sikio. Ninachotaka kusema ni kwamba katika mji huu neno "kelele" limeacha kuwa jina la sauti kubwa, limekuwa jina la watu fulani. Tunalitumia kwa watu ambao hatutaki kuwajibu. Na nchi iliyoamua kutosikia muziki wa vijana wake maskini itapata habari zao kwa njia nyingine zilizo ghali zaidi: kwenye vitabu vya kituo cha polisi, kwenye wodi za hospitali, barabarani.

Tuanze na muziki wenyewe, kwa kuwa wengi wanaouhukumu hawaujui. Singeli hukimbia kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100. Mtayarishaji huchukua kipande kifupi cha taarabu, kinanda au fidla, hukikata, hukikimbiza na kukirudiarudia, kisha juu yake mwimbaji humwaga maneno mfululizo kama mtu anayeeleza jambo huku basi linaondoka. Vifaa ni kompyuta moja, mara nyingi kuukuu, na programu za kawaida. Hakuna ukumbi wa kurekodia wenye kuta za sufi. Ni chumba cha nyumba ya kupanga, watu kumi ndani, feni moja kama umeme upo.

Muziki huu haukushuka kutoka mbinguni wala haukuletwa na intaneti. Una ukoo. Kabla yake palikuwa na mchiriku, uliovuma uswahilini katika miaka ya 1990. Na mchiriku nao ulitoka kwenye ngoma za Wazaramo, wenyeji wa mwambao huu, zilizokuwa zikipigwa kwenye harusi na kwenye shughuli za unyago. Vijana wasiokuwa na fedha za kununua magitaa walichukua ngoma za babu zao, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho mahali pengine ni kichezeo cha mtoto, wakakiunganisha na kikuza sauti kikuukuu na spika za honi. Mlio uliotoka ulikuwa umepasuka, mkali, wenye kukwaruza. Hawakuufanya safi. Waliufanya kuwa wao.

Bendi moja ya mchiriku ya Mwananyamala, Jagwa Music, ilirekodi santuri iitwayo Bongo Hotheads. Ilitoka mwaka 2012. Nani aliitoa? Crammed Discs, lebo huru ya Brussels, Ubelgiji. Waandishi wa huko walipotafuta neno la kuielezea kwa wasomaji wao, wengi waliangukia neno moja: punk. Kwa hiyo tuna santuri mbili, miaka mitano kati yake, kutoka mitaa miwili iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijamegwa. Ya kwanza ilipata mlango Brussels, ya pili Kampala. Kati ya Mwananyamala na Mburahati, penye redio lukuki, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini, wizara, baraza la sanaa na maofisa utamaduni wa halmashauri, hapakupatikana mlango hata mmoja.

Sina ugomvi na Wabelgiji wala Waganda. Aliyeokota alichokuta kimetupwa si mwizi. Ugomvi wangu ni na sisi tuliokitupa.

Tazama pia majina ya santuri zilizofuata kutoka kwa watayarishaji wa kundi hilo la singeli. Jay Mitta aliita yake Tatizo Pesa. Sisso mwenyewe aliita yake Mateso. Duke aliita yake Uingizaji Hewa. Ndugu yangu mtumishi wa umma, soma majina hayo matatu kwa sauti. Je, hayafanani na vichwa vya habari vya taarifa ambazo wewe huagiza ziandikwe na washauri elekezi kwa mamilioni ya shilingi? Kipato, ustawi wa jamii, makazi. Vijana hao wameandika taarifa hizo bila posho ya kikao, na katika baadhi ya kazi hizo hawakuhitaji hata maneno mengi. Kasi yenyewe ndiyo maelezo. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, anayekimbizana na mgambo mchana na mwenye nyumba jioni, hawezi kuimba polepole.

Waandishi wale hawakukosea walipolitaja neno punk, na hapa nawaomba wanafunzi wangu wavuke nami bahari kidogo, kwa sababu jambo hili limewahi kutokea kwingine na matokeo yake yanajulikana.

Ska ni muziki uliozaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, ukawa muziki wa shangwe wa taifa hilo lilipopata uhuru mwaka 1962. Gitaa hukwanyua katikati ya mapigo badala ya juu yake, na tarumbeta hujibu. Punk ilizuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, kwa nyuzi chache, kasi, hasira, na imani kwamba mtu hahitaji cheti wala ruhusa ili apande jukwaani. Wahamiaji kutoka Karibi walikuwa wameipeleka ska Uingereza, na watoto wao walisoma na kucheza mitaani pamoja na watoto wa wafanyakazi wazungu. Mwaka 1979, katika mji wa Coventry, mji wa viwanda vya magari uliokuwa ukipoteza ajira, Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone, na bendi yake The Specials, yenye weusi na weupe, ikaunganisha muziki hizo mbili. Miaka kumi baadaye, huko California, vijana wa bendi ya Operation Ivy walitoa santuri yao Energy kupitia lebo ndogo huru, na aina hiyo, ska punk, ikaenea duniani kutoka kwenye kumbi za mitaani ambazo hazikuwa na tajiri nyuma yake.

Kwa hoja yangu, mwaka muhimu ni 1981. Mwezi Juni The Specials walitoa wimbo Ghost Town, unaohusu mji uliokufa, kumbi zilizofungwa, vijana wasio na kazi. Julai wimbo huo ulikuwa namba moja Uingereza, na mwezi huohuo miji ya nchi hiyo ilikuwa ikiwaka moto kwa ghasia za vijana. Wimbo haukuleta ghasia. Ulitangulia kuzisema. Serikali iliyotaka kujua hali ya vijana wake haikuhitaji tume, ilihitaji redio. Miaka minne kabla, 1977, BBC ilikuwa imekataa kuupiga God Save the Queen wa Sex Pistols, na wimbo huo ukapanda hata hivyo hadi namba mbili. Tofauti ya nyimbo hizo mbili ni somo zuri kwa wenye mamlaka: uliokatazwa ulisikika vilevile, ila mkatazaji ndiye aliyejiziba masikio.

Na kwa wale wanaodhani muziki wa vijana wenye fujo hauwezi kuzaa jambo la heshima, nawakumbusha kwamba mwaka 1984 bendi hiyohiyo, ikiwa imebadili jina kuwa The Special AKA, ndiyo iliyotoa wimbo wa kudai Nelson Mandela aachiwe huru. Miaka hiyo sisi tulikuwa tumewapa wapigania uhuru wa ANC ardhi na shule kule Mazimbu, Morogoro. Wahuni wa Coventry na Jamhuri ya Muungano ya Tanzania walikuwa upande mmoja wa historia.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mkazi wa Mbezi Beach, na sijioni kuwa nje ya lawama hii inayoligusa tabaka langu. Mtaa wetu uko kati ya Barabara ya Bagamoyo na bahari. Una kuta ndefu, mageti, jenereta na mbwa. Mchana unahudumiwa na watu wanaotoka Kawe Ukwamani, Mtongani, Goba na Tegeta: walinzi, wafua nguo, mafundi, vijana wa bodaboda. Vijana wa bodaboda wana kijiwe chao chini ya mwarobaini, karibu na kituo, na wana spika moja ya kuchaji. Wanapiga singeli. Mwaka jana kundi la simu la wakazi lilijadili spika hiyo kwa siku nne. Zilitumwa jumbe ndefu, zenye Kiingereza cha kisheria, kuhusu uchafuzi wa mazingira kwa sauti. Ikapendekezwa barua kwa serikali ya mtaa, nakala polisi.

Wakati huohuo, mita zisizozidi mia tano kutoka hapo, upande wa ufukweni, upo ukumbi ambao kila mwishoni mwa wiki hupiga muziki hadi alfajiri kwa spika zenye kimo cha mtu. Madirisha yetu hutetemeka. Katika siku zile nne hakuna aliyeutaja. Nilipouliza sababu, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinijibu kwa upole: "Mwalimu, pale ni burudani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tukijadili sauti hata kidogo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli haijui nani amelipa kiingilio. Kama ni kanuni za kudhibiti kelele, nchi hii inazo, na zinapaswa kumbana mwenye ukumbi kabla ya mwenye kijispika. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Kwetu Mbezi Beach mlango ukilia kidogo tunataka ung'olewe, ilhali paa zima likinguruma tunasema ni burudani.

Tabaka halifanyi kazi hii peke yake. Dola imelisaidia kwa muda mrefu, na tabia hiyo ni ya zamani kuliko chama chochote cha siasa cha leo. Mwaka 1969, katika zama za Operesheni Vijana, walipokuwa wakisakwa wenye sketi fupi na suruali za kubana, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ulisemwa kuwa ni wa kigeni na unaharibu vijana. Ukisoma hoja za leo dhidi ya singeli utakuta zimegeuzwa tu shati: soul ilikuwa na kosa la kuwa ya kigeni mno, singeli ina kosa la kuwa ya uswahilini mno. Inaonekana kijana wa mji huu hana muziki unaoruhusiwa isipokuwa ule wa mkubwa wake.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda wizara ya utamaduni na vijana, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza dansi za Kizungu na wakazionea haya ngoma za kwao. Maofisa wetu huipenda hotuba hiyo na huinukuu kila msimu wa maonyesho. Nawauliza: ngoma zile mnadhani zilikwenda wapi? Mlitarajia zibaki makumbusho, zimevaa majani, zikisubiri mgeni rasmi? Zilikwenda Manzese, Tandale na Mwananyamala. Zilioa taarabu, zikazaa mchiriku, mchiriku ukazaa singeli. Anayeionea haya singeli leo ndiye yule msomi aliyekuwa akisemwa mwaka 1962, amebadili suti tu.

Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, kwa lengo la kufufua na kukuza sanaa. Sikatai kwamba lina watu waadilifu na kwamba limefanya mema. Lakini mwananchi wa kawaida akilisikia jina lake, hukumbuka vitenzi viwili: kusajili na kufungia. Mwaka uleule wa Sounds of Sisso, Machi 2017, msanii Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, na Baraza likaufungia. Muda si muda waziri mwenye dhamana, Dkt. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais ameupenda wimbo, mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia. Wimbo uliokuwa kosa ulikuwa halali ndani ya siku moja, na kati ya hali hizo mbili hakuna kifungu cha sheria kilichobadilika. Lilibadilika sikio la mtu mmoja. Haki inayotegemea sikio la mkubwa ni bahati tu. Aprili, mwezi uliofuata, msanii Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, wakapatikana baada ya siku kadhaa. Februari 2018 ikatoka orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisizopaswa kupigwa hewani. Mwishoni mwa mwaka huo Rayvanny na Diamond Platnumz walizuiwa kufanya maonyesho kwa sababu ya wimbo Mwanza, kisha mwanzoni mwa 2019 wakafunguliwa.

Haya yaliwapata wasanii wakubwa, wenye mawakili na mamilioni ya mashabiki. Jiulize mwimbaji wa kigodoro Mburahati ana kinga gani. Yeye hafungiwi kwa barua yenye kumbukumbu namba. Anafungiwa kwa kunyang'anywa spika. Sherehe za usiku za mitaani, vigodoro, zimepigwa marufuku mara nyingi na viongozi wa ngazi mbalimbali, kila mmoja akitangaza kana kwamba ndiye wa kwanza. Ila msimu wa kampeni ukifika, waimbaji haohao hupandishwa majukwaani kukusanya watu, na kwa wiki kadhaa hakuna mheshimiwa anayesikia kelele.

Wapo watakaonijibu, na hoja zao zinastahili majibu ya heshima.

Ya kwanza ni matusi. Ni kweli, baadhi ya nyimbo za singeli zina maneno ambayo nisingependa mtoto wangu ayasikie. Lakini ngoma za unyago zilikuwa nayo, na taarabu imejaa mafumbo ya chumbani ambayo akina mama wa heshima huyatunza kwa noti. Lugha ya sanaa ina mahali pake na umri wake. Jawabu la jambo hilo ni kupanga saa na mahali, kama zinavyopangwa filamu, na kumwadhibu aliyemtumia mtoto. Kuifuta aina nzima ya muziki kwa sababu ya mistari michafu ni sawa na kulifunga soko kwa sababu ya samaki mmoja aliyeoza.

Ya pili ni usalama. Katika vigodoro kumetokea wizi, ugomvi na udhalilishaji wa wasichana. Hili silipuuzi, na mwanaharakati yeyote anayelipuuza hafai. Lakini hebu tufikiri. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Viwanja vya wazi vya mitaa mingi ya watu maskini vimejengwa, vingine kwa vibali tusivyojua vilitolewaje. Vijana wanacheza barabarani kwa sababu barabara ndiyo uwanja uliobaki. Sherehe isiyo na taa, choo, mlinzi wala saa ya kufunga itazaa maovu hata kama itapigwa kwaya. Marufuku haiondoi sherehe. Huisogeza mtaa wa pili, mahali penye giza zaidi.

Ya tatu hutolewa na wasomi wenzangu, nayo ni ya werevu zaidi: kwamba Ulaya inaipenda singeli kama ilivyopenda vinyago, kwa kutamani ushenzi, na kwamba kuisifu ni kusherehekea macho ya mkoloni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtu wa Berlin anayecheza Tatizo Pesa bila kuelewa maneno hayo mawili amekosa nusu ya kazi. Lakini huwezi kulalamika kwamba mgeni amemwelewa vibaya mtoto wako ilhali wewe hujazungumza naye. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijia akitaka kuandika tasnifu kuhusu waimbaji wa singeli. Alikuwa ameshauriwa, katika chuo nisichokitaja, achague "mada nzito". Akaandika kuhusu riwaya ambayo imeshaandikiwa tasnifu nyingi. Baada ya miaka ishirini tutamwalika profesa kutoka nje atufundishe singeli ilikuwa nini, tutamlipia hoteli, na tutamuuliza maswali kwa unyenyekevu.

Natambua kuna mabadiliko. Tuzo za Muziki Tanzania zimekuwa na kipengele cha singeli, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, na redio zinaipiga zaidi kuliko zamani. Lakini kumpa mshindi mmoja kikombe si sawa na kuwaheshimu walioshindwa. Kipimo cha sera ya utamaduni ni kile kinachompata asiye na jina.

Kwa hiyo nina mambo matatu, na ninayasema kwa wenye uwezo wa kuyatenda.

Kwenu watumishi wa umma: tenganisheni kusajili na kukagua. Msanii asajiliwe ili haki zake zilindwe na mirabaha yake imfikie, lakini isiwe kazi ya ofisi yoyote kumwambia nini aimbe kabla hajaimba. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni. Haikuweka masharti kwamba yawe ya polepole. Aliyekashifu ashtakiwe mahakamani baadaye, kwa kifungu kinachojulikana, mbele ya hakimu anayetoa sababu. Na kila kata iwe na uwanja mmoja usiouzwa, wenye umeme, taa, choo na saa zilizotangazwa, ambako kijana anaweza kupiga muziki wake bila kuomba radhi. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya doria.

Kwenu wanafunzi: andikeni. Nendeni Mburahati, Tandale na Mwananyamala mkiwa na daftari, si na kamera ya simu peke yake. Waulizeni watayarishaji wamejifunza wapi, kanda za mchiriku za miaka ya 1990 zimebaki kwa nani, maneno yanatungwa vipi kwa kasi ile. Radio Tanzania ilituachia hazina ya kanda za dansi na taarabu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewasha mashine na kuandika tarehe. Muziki wa uswahilini haukupata mtu huyo. Kompyuta moja ikiungua Mburahati, mwaka mzima wa historia ya mji huu unaweza kutoweka pamoja nayo. Mkishauriwa kuchagua mada nzito, jibuni kwamba mmeshaipata.

Kwenu wanaharakati: acheni kuulinda uhuru wa kujieleza pale tu anapokamatwa mtu mwenye wafuasi milioni. Siku spika ya kijana asiye na jina inapochukuliwa bila hati, hiyo nayo ni kesi. Hudhurieni mikutano ya serikali za mitaa, kwa sababu marufuku nyingi huanzia pale, kwa watu kumi na wawili waliokaa kwenye viti vya plastiki, kabla hazijafika kwenye gazeti.

Na kwa majirani zangu wa Mbezi Beach nina ombi dogo. Wanaotulinda usiku, wanaotufulia, wanaotubeba kwenye pikipiki mvua inaponyesha, wana muziki wao, na muziki huo unatuhusu, kwa kuwa sisi ndio waajiri tunaotajwa ndani yake hata pale ambapo hatutajwi kwa majina. Tuna haki ya kulala. Hiyo siipingi, na saa nne za usiku zinatosha kuwa mpaka kwa wote, mwenye kijiwe na mwenye ukumbi. Lakini mchana, geti likiwa wazi na spika ile ikilia chini ya mwarobaini, tusimame dakika tatu tusikilize maneno. Yanakwenda mbio, kwa hiyo mara ya kwanza hatutayapata yote. Tumwombe kijana ayarudie. Nina hakika atashangaa kuulizwa.